Binti Ameitwa Kwenye Usaili, Avae Nini?



Mama mmoja ametuandikia akiomba jibu la haraka. Binti yake alimaliza chuo cha uhasibu miaka minne iliyopita, na muda wote huo amekuwa akimsaidia mama yake kuuza mkaa. Sasa ameitwa kwenye usaili. Mama amefurahi, lakini usingizi umemruka, maana binti hana nguo ya kwendea mbele ya watu. Anauliza: akope katika kikundi chake cha VICOBA anunue suti ya shilingi laki moja na nusu aliyoiona dukani, au binti aazime suti ya binamu yake, ambayo ni kubwa kidogo?

Mama mwenzetu, usikope. Usaili si kazi. Watu huitwa wengi kuliko nafasi, na binti akikosa, suti itabaki kabatini na riba itaendelea kudai. Akipata ndipo mtakapohitaji fedha hasa, kwa sababu mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na kabla yake kuna nauli ya kila siku, chakula cha mchana na pengine kodi ya chumba. Kama ni lazima kukopa, mkopo huo uwe wa kazi yenyewe.

Na kabla ya kutafuta nguo, soma tangazo la kuitwa kwenye usaili mpaka mwisho. Wengi husoma jina lao tu wakaanza kupiga vigelegele. Kwa nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, tangazo hueleza kama usaili ni wa mchujo, wa vitendo au wa mahojiano. Mchujo ni mtihani wa kuandika, hufanyika katika kumbi zenye mamia ya watu, na mnaweza kukaa saa nyingi mkisubiri. Hapo inatosha sketi au gauni safi la heshima na viatu vya kutembelea. Usaili wa vitendo ni kazi yenyewe: mpishi atapika, dereva ataendesha gari, na sketi ya kubana itawaumbua wote wawili. Nguo nzuri itunzwe kwa ajili ya mahojiano, pale binti anapokaa kwenye kiti na watu wanamtazama usoni.

Katika tangazo hilohilo kuna jambo lililo zito kuliko nguo. Vyeti vinatakiwa kuwa halisi, na majina yafanane. Binti aliyeandikwa jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye cheti cha kidato cha nne anaweza kurudishwa mlangoni hata kama amevaa kama malkia. Hilo lishughulikiwe kwanza.

Sasa tuje kwenye nguo. Kwa ofisi za serikali hakuna haja ya kubahatisha, kwani upo waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, unaokataza nguo fupi kupita kiasi, zinazobana na zinazoonyesha maungo. Maneno haya si mageni nchini. Wazee wetu wanakumbuka Operesheni Vijana ya mwaka 1969, ambapo vijana wa TANU waliwakamata wasichana wa Dar es Salaam kwa ajili ya sketi fupi na mawigi. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya mambo hayo, nasi tunayo yetu, lakini chumba cha usaili si mahali pa kuyapimia. Sketi ivuke goti binti akiwa amekaa. Tunasema amekaa, kwa sababu sketi nyingi hufika chini ya goti mtu akisimama, kisha hupanda kiganja kizima akikaa.

Sketi ya rangi ya bluu iliyokolea, nyeusi au kijivu kilichokolea, pamoja na blauzi nyeupe, inakubalika kuanzia shule ya sekondari hadi benki. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, lisilo na mabawa mabegani wala mapambo ya sherehe, linafaa pia, hasa katika halmashauri, mashirika ya maendeleo ya jamii na shule. Suruali ya kitambaa yenye koti hatuoni ubaya wake katika ofisi nyingi, ila kama binti hajui desturi za mahali anapokwenda, sketi haijawahi kumkosesha mtu kazi. Njia nzuri ya kujua ni kupita nje ya ofisi hiyo siku moja asubuhi na kuangalia wanaoingia wamevaa nini. Haigharimu kitu.

Nguo hiyo wengi wetu tutaipata kwenye mitumba, na hakuna aibu. Anayekaa Dar es Salaam anaijua Karume, kila mkoa una mahali pake. Nenda mchana, si jioni kwenye taa, maana nyeusi iliyopauka huonekana mpya usiku. Tazama kwapa kabla ya kitu kingine chochote, kisha kola, zipu, na mahali pa kukalia kama hapajaanza kung'aa. Finyanga kitambaa ndani ya ngumi huku ukihesabu hadi ishirini, kisha ukiachie. Kikibaki na mikunjo kama karatasi, mwachie mwenye duka lake. Kama koti ni la suti, mabega ndiyo yakae sawasawa, kwa sababu fundi anaweza kupunguza kiuno na kufupisha mikono kwa bei nafuu, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua koti lote. Sketi kubwa hupunguzwa. Sketi ndogo haiongezwi, ila kama kuna kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Kwa hiyo ile suti ya binamu, mama, binti aivae kwanza. Ikimkaa mabegani na binamu akaruhusu kiuno kipunguzwe kwa mshono wa muda utakaofumuliwa baadaye, mmemaliza. Ikianguka mabegani, iacheni, atakuwa anaivuta badala ya kujibu maswali.

Nguo ikishapatikana ijaribiwe nyumbani, na mama awe mtazamaji mkali. Binti asimame mlangoni jua likiwa nyuma yake, wewe umtazame kutoka ndani. Kama miguu inaonekana, ashonewe shimizi au sketi iwekwe bitana. Akae, ainame kuokota bahasha, anyooshe mkono kana kwamba anasalimiana na mtu ng'ambo ya meza. Vifungo vya kifuani vikifunguka mdomo, weka pini kwa ndani au shona kifungo kidogo cha kuficha. Chini ya blauzi nyeupe, sidiria nyeupe huonekana. Inayokaribia rangi ya ngozi haionekani. Na anayetoka jasho sana aepuke kijivu chepesi na bluu ya maji, rangi hizo husema kila kitu.

Mama anayenyonyesha avae blauzi ya vifungo na ya rangi iliyokolea, aweke kitambaa laini kilichokunjwa ndani ya sidiria, na mtoto anyonye kabla ya kuingia. Mjamzito avae gauni linalomtosha. Tumesikia wanaojifunga tumbo kwa khanga ili lisionekane. Tafadhali msifanye hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa, dini, ulemavu na mambo mengine, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Kwa sababu hiyohiyo, binti anayefunika kichwa kwa imani yake asijivue kitambaa kwa hofu.

Viatu vipya visivaliwe mara ya kwanza siku ile. Vya zamani vipelekwe kwa fundi abadilishe kisigino kilicholika, kisha vipakwe rangi usiku. Nywele, twende kilioni inatosha. Anayeomba uuguzi akate kucha na asipake rangi. Manukato kidogo, au yasiwepo kabisa, chumba chenyewe huenda hakina hata feni.

Upigaji pasi tunautaja kwa sababu nguo nyingi zimefia hapo. Pasi ya mkaa ipulizwe nje, majivu yote yatoke, kisha ijaribiwe kwenye pindo kwa ndani, kwani vitambaa vya nailoni na poliesta huyeyuka. Nguo nyeusi ipigwe kwa upande wa ndani, au juu yake uweke kitambaa chenye unyevu, la sivyo itang'aa kama sufuria.

Na safari? Wengi huitwa Dodoma. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huko mwaka 2024 anayetoka Dar es Salaam au Morogoro amepata nafuu, lakini wa Mtwara na Bukoba bado ni basi. Asisafiri na nguo ya usaili mwilini. Aikunje pamoja na khanga katikati ili isipate mistari, na akifika tu aitundike. Mwezi Juni na Julai Dodoma ina baridi ya asubuhi, abebe sweta la rangi isiyopigana na sketi. Kama atapanda bodaboda, sketi nyembamba haitamruhusu kukaa vizuri. Ajifunge khanga juu, avae kandambili, na viatu viwe mfukoni pamoja na kitambaa cha kufutia vumbi. Abadilishe kabla ya kufika getini. Walinzi nao wana macho na midomo.

Tumebakiza jambo moja, nalo halikuwa katika barua ya mama huyu. Kuna akina mama wanaoamini kwamba gauni refu litamlinda binti na mtu mwenye nia mbaya ofisini. Halimlindi. Mwanamume anayetaka rushwa ya ngono huwaomba waliovaa marefu na waliovaa mafupi, maana anachotazama ni shida ya mtu. Mwelezeni binti kabla hajaondoka nyumbani kwamba usaili haufanyiki katika chumba cha hoteli, wala saa mbili usiku, wala hauendelei kwenye chakula cha jioni cha watu wawili. Akiitwa hivyo, asiende, na asijilaumu kuwa alivaa vibaya. Kudai ngono ili kumpa mtu kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Ujumbe wowote wa namna hiyo asiufute kwa aibu, autunze kwenye simu, kisha apige TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haina malipo. Na akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu alikataa, mpokeeni bila kumhoji juu ya sketi yake.