Yule Mama wa Kwenye Tom na Jerry Mmempeleka Wapi?

 

Leo tuongelee katuni. Ndiyo, katuni. Usicheke kwanza.

Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni maana sina hela ya wakili, kaposti klipu ya mwanae anaangalia Tom na Jerry kwenye televisheni kubwa kama mlango wa godauni. Komenti zote ni sofa, sofa, sofa. Mimi jicho langu likaganda kwingine kabisa. Pale katikati inapita miguu ya dada wa kazi, ndala za bluu, mkono unaweka bakuli la uji mezani, halafu klipu inakatwa fasta. Sura hamna. Jina hamna.

Nikajisemea, mbona huyu mtu namjua? Nilimuona Kasulu nikiwa na miaka saba.

Waliokulia huku wanaelewa. Enzi hizo umeme wa Kasulu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa tumeipata juzi tu, 2022. Kwa hiyo katuni hatukuisubiri kwenye ratiba ya kituo cha televisheni. Tuliisubiri kwenye kibanda cha video. Jumamosi asubuhi, kabla wakubwa hawajaja na sinema zao za ngumi, mwenye kibanda alituwekea CD ya Tom na Jerry. Kiingilio shilingi hamsini, na asiye nayo anachungulia kwenye tundu la turubai mpaka afukuzwe. CD yenyewe kopi ya kopi. Ikikwama, jamaa anaitoa kwenye deki, anaifuta na fulana yake, anairudisha, sisi tunapiga makofi kama kafunga goli.

Na hapakuwa na haja ya mtafsiri. Paka na panya karibu hawaongei kabisa. Nadhani ndiyo maana ile katuni ilifika mpaka huku kwetu milimani. Paka akipigwa kikaango cha uso, mtoto wa Kiha anacheka, mtoto wa Kirundi anacheka, mtoto wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu naye anacheka, wote kwa wakati mmoja.

Aliyekuwa anaongea sana ni mmoja. Yule mama. Miguu mikubwa, soksi zimeteremka, ndala, ufagio mkononi, anamfokea Tom kuwa akivunja kitu kingine analala nje. Sura yake hatukuwahi kuiona. Sisi tulimuita Mama Mwenye Nyumba. Kwa akili zetu za kitoto, mtu anayefoka namna ile ndani ya nyumba lazima nyumba iwe yake.

Sasa mwaka jana nilikuwa Kibondo kwa dada yangu mkubwa. Ana binti wa miaka sita, mtundu huyo, usiombe. Kule kibanda cha kuingiza sinema kwenye flashi kilimjazia katuni za zamani, anazijua kwa kichwa. Jioni moja kwenye king'amuzi yakawekwa marudio ya kile kipande cha Tom kuwaita paka wenzake wapige muziki usiku kucha huku Jerry amekosa usingizi. Mtoto kaangalia kidogo, kanigeukia.

"Mamdogo, yule mama mweusi yuko wapi?"

Nikaangalia. Kweli bwana. Badala ya yule mama katoka msichana wa Kizungu, mwembamba, kavaa kwenda dansi. Muziki uleule, paka walewale, mtu kabadilishwa.

Nikamjibu, "Labda kahama." Akaninunia. Mtoto wa siku hizi humdanganyi kizembe.

Usiku nikaunga bando, nikachimba. Nilichokuta ndicho kilichonifanya niandike leo.

Katuni ya kwanza ya paka na panya hawa ilitoka Marekani mwaka 1940, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera kwenye studio ya MGM. Tom alikuwa bado hajaitwa Tom, aliitwa Jasper. Lakini mama alikuwemo tayari, tangu siku ya kwanza, na ufagio wake. Sauti yake ilifanywa na Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyesikika pia redioni kwa miaka mingi, na redioni nako mara nyingi akipewa sehemu ya mfanyakazi wa ndani. Katuni zile zilikuja kuchukua tuzo saba za Oscar. Jina la Lillian halikuandikwa kwenye orodha ya walioshiriki.

Na mwaka huohuo wa 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa Oscar. Kwa kuigiza nini? Mfanyakazi wa ndani. Na usiku wa tuzo alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Wamarekani weusi wakachoka kuona kila mama mweusi kwenye sinema ni wa ufagio, wakapiga kelele, na haki walikuwa nayo. Mama akaonekana mara ya mwisho mwaka 1952. Halafu katikati ya miaka ya 1960, katuni zile zilipoingia kwenye televisheni ya CBS, ndipo mkasi ukapita. Timu ya Chuck Jones ikachora upya baadhi ya vipande, mama mweusi akatoka, akaingia mwanamke mweupe mwembamba. Vingine wakaacha mchoro wakabadilisha sauti, June Foray akaongea kwa lafudhi ya Kiayalandi. Baadaye sana sauti ikarudiwa tena na mchekeshaji mweusi, Thea Vidale, ili yale matamshi ya kumfanya mama aonekane hajui kuongea yapungue.

Ndiyo maana kopi hazifanani. Yule msichana wa dansi aliyemshangaza mtoto wa Kibondo alichorwa Marekani miaka zaidi ya hamsini iliyopita, na bado anazunguka.

Walipokuja kuuza DVD ugomvi ukaendelea. Mwaka 2005 kwenye mkusanyiko mmoja walimuweka Whoopi Goldberg, yule mwalimu wa kwenye Sarafina!, atokee mwanzoni aeleze kwamba vitu hivi vilikuwa vibaya tangu zamani, lakini kuvifuta ni sawa na kudai havikutokea. Mwaka 2013 mkusanyiko mwingine uliokuwa njiani ulisimamishwa, baada ya wanunuzi kulalamika kuwa vipande viwili vimerukwa kwa sababu ya utani wa rangi. Mwaka 2014 kwenye Amazon wakaweka onyo kwamba katuni hizi zina ubaguzi wa zama zake.

Sasa mimi niko upande upi?

Kwanza niwe mkweli. Kuna vitu mle vya kutia aibu. Kile kipande Tom anamwagikiwa makaa ya mawe, anatoka mweusi, midomo imetuna, anaanza kuongea kama zuzu, mimi nilikicheka Kasulu mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa mtoto mweusi nacheka utani wa kunicheka mimi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Kwa hiyo anayesema mtoto asiachwe peke yake na hizi katuni, namuelewa kabisa.

Ila kumtoa yule mama na kuweka msichana wa dansi, hapo nakataa. Kosa halikuwa mama kuwepo. Kosa lilikuwa kwamba walimnyima sura, wakamnyima jina, wakamnyima na jina la mwanamke aliyempa sauti. Sasa dawa ya kumnyima mtu sura inakuwaje kumfuta na miguu?

Nilimsomea dada yangu haya yote asubuhi yake, tunachambua maharage uani. Yeye alimaliza kidato cha nne hapa Kigoma, matokeo yakagoma, akachukuliwa kwenda Dar kuwa dada wa kazi. Miaka miwili. Mnajua wenyewe jinsi wasichana wa kutoka huku kwetu wanavyoagizwa kama gunia la mkaa. Hajawahi kuniongelea sana kuhusu Dar. Siku hiyo alisikiliza, akanyamaza, halafu akasema hivi:

"Ile nyumba ina albamu ya picha nene hivi. Birthdei, Krismasi, Idi, shule, kila kitu. Picha za ile miaka miwili karibu zote nilipiga mimi. Mimi simo hata moja."

Nikamuuliza watoto wa pale walimuitaje. Kasema "dada". Hakuna aliyemuuliza jina. Siku anaondoka, mdogo wao alilia sana, akamuuliza mama yake, "Dada mwingine anakuja lini?"

Akaendelea kuchambua maharage.

Ndiyo maana klipu ya yule staa ilinichoma. Simsemi kwa ubaya, pengine dada mwenyewe hapendi kamera, na hiyo ni haki yake. Lakini angalia tunavyoishi. Mastaa wetu wanatuonyesha chumba cha mtoto, uji wa mtoto, nguo za mtoto zimepigwa pasi, na aliyepiga pasi hayupo. Na sisi tunaowafuata hatuulizi. Wamarekani wa 1940 angalau waliacha miguu. Sisi tuna simu zenye mkasi wa bure, tunakata mpaka miguu.

Najua mtu atasema, dada yangu, tuachane na makatuni ya wazungu, watoto wetu waangalie Ubongo Kids, waangalie Akili and Me. Naunga mkono mia kwa mia. Akili ni mtoto mweusi, ana sura, ana jina, anaishi chini ya Kilimanjaro, na binti wa dada yangu anampenda. Ubongo Kids imeanza 2014, mimi nilishapita umri, naona wivu tu. Lakini tusijidanganye kwamba Tom na Jerry itaondoka. Flashi ni ya bei rahisi, na paka akipigwa kikaango bado anachekesha. Itaonwa Kibondo, itaonwa Kasulu, itaonwa kambini, kopi zote mbili, ya zamani na iliyokatwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vituo ni dogo. Mkiweka marudio, wekeni kipande cha asili, na mwanzoni mtu aseme kwa Kiswahili, nusu dakika tu: hii ni ya zamani, humu kuna mama mweusi aliyechorwa kwa dharau, aliyempa sauti aliitwa Lillian Randolph. Basi, endeleeni na kikaango. Kwa wale vipande vya makaa ya mawe, wekeni usiku, wakubwa wacheke au wakasirike wenyewe.

Na kwa sisi wenye vibanda na flashi, ambao hatuna wa kutuwekea onyo, kazi ni ya mkubwa aliyekaa na mtoto. Mimi nilirudi kwa yule binti nikamwambia, "Yule mama hakuhama. Walimtoa." Akauliza kwa nini. Nikamueleza nilivyoweza. Akafikiri, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Sasa alikuwa anaitwa nani?"

Aliitwa kwa jina la kazi, mamii wa viatu viwili, kama vile mtu ni miguu yake. Jina la kweli la huyo mama kwenye katuni halikutajwa. Nikamwambia hakupewa.

Akasema, "Basi tumuite Mama Lili."

Kwenye nyumba ile Kibondo ndilo jina lake sasa. Mama Lili akianza kufoka mtoto anapiga kelele, "Tom, kimbia, Mama Lili huyo!" Na mama yake, ambaye hayumo kwenye albamu ya Dar, anacheka kutoka jikoni.

Haya wadau, zamu yenu. Dada wa kazi wa kwenu anaitwa nani? Sitaki uandike jina lake hapa, mlindie heshima yake. Nataka ujiulize kama unalijua, lote, na la kijiji alikotoka. Unayelijua andika tu "namjua" hapo chini. Usiyelijua, funga simu kwanza, nenda jikoni kaulize.