Mgonjwa Arudiye Nyumbani Mapema

Tangu Carl Langenbuch alipotoa mfuko wa nyongo mjini Berlin mwaka 1882, wapasuaji waliendelea kwa miaka mia moja kupasua tumbo chini ya mbavu za kulia. Mwaka 1985 Erich Mühe, mpasuaji wa Böblingen nchini Ujerumani, alikitoa kiungo hicho kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo. Wenzake walimbeza. Leo njia hiyo ndiyo ya kawaida katika nchi nyingi, na hospitali kubwa za Tanzania nazo huitumia.

Manufaa yake hayana ubishi. Aghalabu mgonjwa huruhusiwa siku ileile au ya pili yake, na hurudia shughuli zake baada ya wiki moja au mbili, ilhali mkato wa kale humdai wiki nne hadi sita. Kwa mchuuzi alaye kwa jasho la siku, tofauti hiyo si ndogo. Lakini pamezuka dhana potofu kwamba kovu dogo ni dalili ya operesheni ndogo. Ndani ya tumbo kazi ni ileile: mrija na mshipa wa damu hufungwa na kukatwa, kisha mfuko hubanduliwa kwenye ini.

Yapo maudhi yasiyo na hatari. Hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo hujazwa tumboni ili mpasuaji apate nafasi, huwasha kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo, na maumivu yake husikika begani. Hutoweka kwa siku chache. Asiyeelezwa hudhani moyo wake umepata hitilafu.

Hatari yenyewe ni kujeruhiwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Hutokea kwa nadra, kwa wagonjwa wapatao watatu hadi watano katika kila elfu, nayo mara nyingi haitambuliwi mezani. Nyongo huvuja taratibu, na dalili hujitokeza baada ya siku kadhaa: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, kutapika, tumbo kujaa, macho kuwa manjano, mkojo kuwa mweusi. Wakati huo mgonjwa yuko kwake. Kazi ya muuguzi wa wodini imeangukia mkewe au mama yake, ambaye hakufundishwa lolote, na karatasi aliyokabidhiwa imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho. Homa ile huweza kudhaniwa malaria, na siku za kuokoa ini zikapotea kwa vidonge.

Wapo madaktari wasemao kwamba kutaja madhara humtia mgonjwa hofu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mgonjwa aliyekubali kulazwa nusu kaputi ameshakabiliana na hofu kubwa zaidi. Wenye siko seli, ambao hupata vijiwe vya nyongo wakiwa bado vijana, wamezoea maumivu ya tumbo tangu utotoni. Hao ndio wepesi wa kuvumilia hadi wakachelewa.

Hapana budi kila hospitali inayofanya upasuaji huu itoe karatasi ya Kiswahili yenye dalili hizo na namba ya simu inayopokewa usiku na mchana, na muuguzi ampigie mgonjwa siku ya tatu. Atokaye wilaya ya mbali afadhali akae kwa jamaa mjini wiki nzima ya kwanza, hata kama kitanda chake wodini kimekwisha kupewa mwingine.