Tulipoenda kuona Dodoma, mji wa Leta ya Tanzania



Wiki hii tunalipa deni. Mnajua kwamba wanane kati yetu tulisafiri hadi Dodoma, na makuta yaliyotupeleka yalitoka katika likelemba, pamoja na ya wale waliobaki kuuza ndakala sokoni. Wengine mlisema wazi kwamba minervale ya watoto ingetangulia. Mlikuwa na haki ya kusema. Basi sikieni tuliyoyaona, kiisha muhukumu wenyewe.

Kwa nini Dodoma? Toka mwaka 2015, Katanga ilipokatwa na Kalemie yetu ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika, mabiro yamekuja karibu nasi. Zamani tuliambiwa twende Lubumbashi, leo tunasimama mstari hapa hapa, mtoto mgongoni. Tukataka kuona mji ambao Leta iliuandika kwanza kwenye karatasi, kabla ya kuujenga.

Tulivuka ziwa kwa mashua hadi Kigoma, kiisha tukapanda treni ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Si njia ya kumpitisha mama mwenye mimba. Chukueni chakula cha kutosha na kikwembe kizito, maana usiku ni baridi.

Wagogo ndio wenyeji wa pale. Wanasimulia kwamba tembo alizama kwenye matope ya kijito, na jina la mji likatoka kwenye neno lao la kuzama. Mwaka 1973 chama cha TANU, wakati wa Mwalimu Nyerere, kiliamua makao makuu yatoke Dar es Salaam, iliyo pembeni kwenye bahari, yaje Dodoma katikati ya nchi, ili raia wa kila upande wasiwe mbali mno. Mpango wa mji ulichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ukatoka mwaka 1976. Ulitaka miti mingi na majengo yasiyo marefu sana, na mtu wa miguu, baiskeli na basi watangulie mbele ya gari la mkubwa. Tulipoelezwa hayo tulitazamana. Kumbe kuna watu waliowahi kumfikiria mwenye kutembea kwa miguu!

Lakini makuta yalikosekana, na miaka zaidi ya 40 ikapita. Ni mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sheria ikatungwa ya kuithibitisha kuwa makao makuu. Mwaka 2023 Rais Samia alifungua Ikulu mpya ya Chamwino.

Siku ya kwanza tulikaa katika uwanja wa Nyerere, katikati ya mji, penye sanamu yake. Tukauona msikiti mkubwa wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, na tukaonyeshwa Chuo Kikuu kilichotawanyika kwenye vilima. Zabibu zinauzwa barabarani sawa vile sisi tunavyouza maembe. Nchi ni kavu kabisa, lakini mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka.

Kwenye Bunge hatukuingia, na kosa ni letu. Tulifika bila barua, tena si wakati wa kikao. Mama mwenye kutaka kwenda baadaye ajue: wabunge wanakaa muda mrefu kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa bajeti, na vikundi vya wamama huketi juu kama wageni na kutajwa majina. Tulisimama nje tukatazama jengo. Humo ndani Mama Anna Makinda alikuwa Spika toka 2010 hadi 2015, mwanamke wa kwanza kwa kazi hiyo. Mwenzetu mmoja akasema hata kwetu Mama Judith Suminwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu, mwaka 2024, basi tusisimame kama watu wa porini. Tulicheka, na tukasimama vizuri kidogo.

Siku ya pili tulienda Mtumba, Mji wa Serikali, zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati. Hapo ndipo wizara zote zimewekwa pamoja. Barabara ni pana, safi, na kila wizara ina kiwanja chake. Tulidhani tutatembea toka wizara hii hadi ile kama tunavyotoka sokoni hadi bandarini. Tulijidanganya. Jua lilikuwa kali, miti mingi bado michanga, na maji tuliyobeba yaliisha upesi. Mama mzee wetu miguu ilivimba mpaka akavua viatu. Mama mmoja mlinzi, kwenye lango la ofisi moja, alitoa kiti chake mwenyewe, akampa maji, akamwonyesha choo cha ndani. Hatukumjua naye hakutujua. Alimwita shikamoo bibi, basi.

Tulipomngojea mzee apumzike, tuliongea juu ya kwetu. Mlangoni pa biro zetu, mama anayetafuta karatasi ya kuzaliwa ya mtoto anakaa wapi? Anakaa chini, kwenye vumbi, na choo anaomba kwa majirani. Hatuhitaji barabara pana za Mtumba. Mabenchi mawili, paa la mabati na choo chenye mlango vingetosha.

Tumeandika barua hiyo kwa mkubwa wa jimbo, lakini haijatumwa. Itasomwa kwenye mkutano wa Jumapili, baada ya misa, na ye yote asiyekubaliana na neno aseme hapo. Hesabu ya safari itasomwa pia, franka kwa franka. Tena tulileta mfuko mmoja wa zabibu kavu, uko kwa mweka hazina. Waliobaki sokoni watagawiwa wa kwanza.