Dawa ya Kiwavi ni Kiwavi Mwenyewe

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu kiwavijeshi kutoka Amerika aingie Kenya mwaka wa 2017, mkulima wa mahindi hana amani, awe Kitale au hapa Lodwar kando ya mto Turkwel.

Watu wetu wakimwona hukimbilia dukani kununua sumu. Lakini sumu haichagui. Inaua kiwavi, inaua na nyuki, na mabua yaliyonyunyiziwa ndiyo hayo hayo tunayowapa mbuzi! Mbona tusitumie virusi?

Msishtuke. Kuna virusi vinavyoshika viwavi tu. Kiwavi akivila pamoja na jani, anaacha kula, mwili unalainika, na baada ya siku chache anakufa na kupasuka, akiwaachia wenzake ugonjwa. Mbuzi, nyuki na binadamu hawadhuriki.

Njia za kuvizalisha ni mbili. Ya kwanza ni kufuga viwavi, kuwaambukiza, kisha kuwasaga. Ya pili ni kukuza seli za wadudu ndani ya mitungi ya maabara na kuziambukiza. Ajabu ni kwamba seli maarufu ziitwazo Sf9 asili yake ni ovari za kiwavijeshi huyu huyu, zilizotolewa huko Marekani miaka ya 1970. Hata chanjo ya korona ya Novavax imetengenezwa kwa seli hizo. Kwani adui yetu awafanyie kazi wenzetu, sisi atule tu?

Wako watakaosema ati virusi vinachelewa kuua, tena jua linaviharibu. Ni kweli, na jua la Lodwar mnalijua! Ndiyo maana hunyunyizwa jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Wengine watasema mitungi ni ghali, na virusi vikikuzwa humo mara kwa mara hupungua nguvu. Hilo nakubali. Basi tuanze na njia ya kwanza. Viwavi hawa hulana, kwa hivyo kila mmoja hutaka kikopo chake. Hiyo si kazi ya mashine kubwa, ni kazi ya mikono, na Kakuma vijana waliomaliza shule wamejaa tele bila ajira.

Lodwar tayari tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Serikali ya kaunti ikipatie maabara ndogo na wataalamu, nasi wanafunzi tusiikimbie Biolojia. Shime, wenzangu! Mgeni hatatulindia shamba.