Panya wa Kigoma husubiri mvua, sisi tunasubiri nini?

Mahindi yakishaingia ndani, ndipo wengi wetu tunakumbuka kununua sumu ya panya. Kwa maoni yangu tunachelewa, na wanaolipia kuchelewa huko ni watoto.

Ulaya, panya wengi wa porini hufuata urefu wa mchana: siku zikirefuka huzaa, baridi ikija huacha. Kigoma iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa na ule mfupi kabisa hupishana kwa nusu saa hivi, kwa hiyo jua halimwambii panya mengi. Yeye husikiliza mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia panya shamba kwa miaka mingi: majani mabichi na mbegu vikipatikana, majike hushika mimba. Mimba ni siku 23 hivi, na uzao mmoja unaweza kupita watoto 10.

Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba, zikaisha karibu na Mei. Kufika mavuno panya wameshakuwa jeshi, shamba limebaki tupu, wanahamia kwetu. Ukiua watano wakati huo, wengine wanashika nafasi zao. Kazi ifanywe Septemba, wakiwa wachache: mitego, kuziba matundu, kufyeka kuzunguka nyumba, na mtaa mzima kwa pamoja. (Panya wa nyumbani ni habari nyingine. Akipata gunia la mahindi au dagaa wa Kibirizi, huzaa mwaka mzima. Huyo dawa yake ni pipa lenye mfuniko.)

Sasa sumu. Tunaichanganya na dagaa, tunaiweka chini ya kitanda, mahali hasa anapotambaa mtoto. Zipo zinazoua kwa saa chache. Nyingi huzuia damu kuganda: mtoto anacheza vizuri siku mbili tatu, kisha fizi zinavuja damu au mkojo unakuwa mwekundu. Mzazi, usingoje dalili. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukatulia. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na pakiti ya sumu mkononi.

Mkojo wa panya nao hubeba homa ya mgunda, iliyoua watu Lindi mwaka 2022. Hutibika ikiwahiwa. Ukipata homa, macho mekundu na maumivu ya mashavu ya miguu, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna panya, hata asipouliza.