SISI WA KUTWA HATUKUMWONA SARAFINA

Ndugu msomaji, kabla hujarukia kurasa za mashairi na vitendawili, nakuomba dakika chache tu. Ile filamu iliyoonyeshwa bwaloni Jumamosi usiku, tulipoadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, uliiona? Ukiwa wa bweni najua utacheka na kusema, "Kwani nani hakuiona?" Basi jibu ni hili: mimi sikuiona, wala hawakuiona wenzangu wote wa kutwa.

Filamu ilianza saa mbili usiku. Saa mbili usiku mimi niko nyumbani, upande wa kuelekea Chebunyo, nimekwisha kuteka maji, kufunga ndama na kula ugali, na koroboi imeanza kunitoa machozi. Kutoka langoni mwa shule hadi kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha usiniulize. Udongo wetu mweusi hushika viatu kama deni. Watu wakisikia Bomet hudhani ni chai tupu, kumbe huku kwetu Chepalungu ni mahindi na maziwa, na asubuhi boda boda nyingi zina mitungi ya maziwa, hazina nafasi ya mwanafunzi. Ukibahatika kupata moja mnapanda watatu nyuma ya dereva, ingawa sheria inasema abiria ni mmoja. Nauli mnachanga. Mkifika shuleni mwalimu wa zamu amesimama langoni, saa mkononi, na kuchelewa hakuna wakili.

Turudi kwa filamu. Jumatatu mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani akaandika ubaoni: "Toa maoni yako kuhusu filamu uliyoitazama." Ningefanyaje? Nilimwendea rafiki yangu wa bweni wakati wa mapumziko, akanisimulia kwa mikono na miguu. Nilichukua kalamu nikaandika kurasa mbili nzima. Niliandika jinsi Sarafina alivyopigwa risasi akafa shujaa, nikamlilia kwa methali tatu na tashbihi nne. Karatasi iliporudi ilikuwa na wino mwekundu: "Sarafina hafi. Uliitazama kweli?" Alama 7 kwa 20. Nilipomkabili rafiki yangu akakiri kwamba alilala katikati, akaamshwa na milio ya bunduki, mengine akajazia mwenyewe.

Sikumlaumu sana. Lakini nililichukua jambo hili hadi nyumbani, nikamweleza kogo, nyanya yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Ni shule gani hiyo inayofundisha watoto wakati wengine wamekwenda kulala?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Likizo ya Agosti ndipo nilipoiona Sarafina!, kwa binamu yangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1992, imetokana na tamthilia ya nyimbo ya Mbongeni Ngema ya mwaka 1987. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu wa historia, na Miriam Makeba ni mamake Sarafina, mtumishi katika nyumba ya Wazungu. Chimbuko lake ni wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa hisabati na masomo mengine kwa Kiafrikaans, lugha ya waliowakandamiza. Polisi wakafyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Ndiyo sababu tangu mwaka 1991 tarehe hiyo imekuwa Siku ya Mtoto wa Afrika.

Sasa nikwambie kilichonishtua. Si bunduki, maana hizo nilikuwa nimesimuliwa. Kilichonishtua ni kwamba wale watoto ni wa kutwa! Naam, Sarafina ni wa kutwa. Anaamka nyumbani kwao, anatoka na sare yake, anapita vichochoroni na wenzake hadi shuleni. Wanafunzi wa Soweto walitoka majumbani mwao asubuhi ile. Sisi hapa tunaadhimisha ushujaa wa wanafunzi wa kutwa kwa filamu inayoonyeshwa wakati wanafunzi wa kutwa hawapo. Yaani ni kama kumfanyia mtu arusi kisha unamfungia mlango.

Tena katika nchi ile umbali wenyewe ulikuwa silaha. Sheria za ubaguzi ziliwatupa Waafrika nje ya miji, kisha zikawataka wafike kazini alfajiri. Januari 1957 nauli ya mabasi ya kutoka Alexandra kwenda Johannesburg ilipandishwa kutoka peni 4 hadi peni 5. Peni moja tu, utasema. Watu waliyasusia mabasi wakatembea, kama kilomita 15 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwa miezi kadhaa. Kauli yao ilikuwa "Azikhwelwa", maana yake mabasi hayapandwi. Wanachama wa Kiswahili, tegeni masikio: hiyo *khwela* ya Kizulu si ndugu wa *kukwea* kwetu? Nilipoligundua hilo nilisahau kidogo zile alama 7.

Najua kuna watakaosema, "Si mlale bweni siku hiyo moja?" Na ng'ombe watakamuliwa na nani? Wengine watasema, "Mlichagua kutwa wenyewe." La hasha, hatukuchagua. Mwaka 2008 serikali ilianza kugharimia masomo katika shule za upili za kutwa, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 kiasi hicho kikafika 22,244. Pesa hizo ndizo zilizotufikisha wengi wetu kidato cha kwanza. Kitanda cha bweni kilibaki juu ya mzazi, na mzazi wangu ana watoto watano. Hata mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alikuwa akitoka kwake na mkongojo wake asubuhi na kurudi jioni. Filamu yake, The First Grader ya mwaka 2010, nayo nasikia imo kwenye orodha ya Jumamosi za usiku. Yaani na Maruge naye tutamkosa?

Nisieleweke vibaya. Sisi wa kutwa si washamba wa filamu. Sokoni kuna kibanda cha video, na walimu wanajua, ndiyo maana hupita pale Jumamosi wakihesabu masweta. Huko tumemsikia DJ Afro akisimulia filamu za Wachina na Wahindi kwa Kiswahili chake cha mitaani, mpaka mzee asiyejua neno la Kiingereza anashika kiuno kwa kicheko. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Lugha ya DJ Afro haiwezi kuandikwa kwenye insha, nakubali, lakini kazi anayoifanya ndiyo kazi ambayo chama chetu kingepaswa kuifanya: kuichukua hadithi ya mbali na kuifikisha kwa aliyeketi nyuma kabisa.

Ombi langu basi ni hili. Ijumaa kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja ni wakati wa vyama. Projekta iko ofisini, na madirisha ya bwalo yanaweza kuzibwa kwa mablanketi, hayo wa bweni wanayo. Sarafina! ionyeshwe tena, igawanywe Ijumaa mbili. Mimi nitasimama kando na kusimulia kwa Kiswahili sanifu palipo pagumu, na naahidi sitalala katikati.

Mwalimu mlezi nimekwisha kumwambia, akasema ataliangalia. Kogo naye ameuliza kama anaweza kuja, kwa kuwa saa tisa ng'ombe bado hawajarudi kukamuliwa.