Video inakwama: tatizo ni simu yako, mnara, au kuna jambo jingine?

Ni saa mbili na nusu usiku. Umenunua bando la siku, umekaa nje kidogo mahali ambapo mtandao hushika, unafungua video ya mtaalamu wa kilimo anayeeleza namna ya kupambana na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Video inaanza, mtaalamu anasalimia, kisha duara linazunguka. Linazunguka tena. Baada ya robo saa umeona dakika mbili za video, na ujumbe unaingia kwamba bando lako linakaribia kuisha.

Malalamiko ya aina hii ni miongoni mwa yale tunayoyapokea mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji wetu. Wengi wameshaambiwa jibu moja tu: simu yako mbovu, nunua nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa liko mbali na mkono wako, na lina wenyewe wanaopaswa kuulizwa. Katika makala haya tunafuata safari ya video kutoka inakohifadhiwa hadi kwenye kioo cha simu yako, tuone inakwama wapi na kwa nini.

Suala hili si la burudani peke yake. Ushauri wa kilimo, masomo ya wanafunzi, maelezo ya afya, vikao vya bunge na hata matangazo ya serikali yanazidi kutolewa kwa video. Mtu ambaye video haichezi kwake anabaki nyuma, ingawa bando amelipia kama mtu wa mjini.

Anza na simu, lakini usiishie hapo

Kuna dalili zinazosaidia kutofautisha. Kama duara linazunguka na kila kitu kimesimama, simu inasubiri data, kwa hiyo tazama mtandao. Kama sauti inaendelea vizuri lakini picha imeganda au inarukaruka, data inafika ila simu inashindwa kuifungua kwa haraka. Hapo punguza ubora wa picha, funga programu nyingine zilizo wazi, kisha izime simu na kuiwasha.

Kama video inakataa kabisa na maandishi ya kosa yanatokea, kagua mambo matatu. La kwanza ni nafasi. Simu iliyojaa video na picha za makundi ya WhatsApp hukosa mahali pa kuweka data inayoingia. La pili ni tarehe na saa. Simu iliyozimika chaji ikapoteza tarehe hukataliwa na tovuti nyingi, kwa sababu ukaguzi wa usalama hulinganisha tarehe. La tatu ni umri wa programu. Tangu Januari 1, 2025, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye simu zenye Android ya chini ya toleo la 5. Simu hizo bado zinapiga, zinapokea na zinatuma pesa. Hazijaharibika, ila zimeachwa nyuma na watengenezaji wa programu.

Jambo jingine ni mpangilio wa aina ya mtandao. Watu wengi huiweka simu kwenye 2G pekee ili chaji idumu, kisha husahau kuirudisha. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu uhakikishe 3G au 4G imeruhusiwa. Laini nayo huchangia. Laini iliyosajiliwa miaka mingi iliyopita inaweza isishike 4G hata kama simu ni mpya na mnara upo. Laini ya namna hiyo hubadilishwa kwa wakala wa kampuni yako, na namba yako inabaki ileile.

Alama zimejaa, mbona haifunguki?

Tazama herufi iliyo pembeni ya alama za mtandao juu ya kioo. E maana yake uko kwenye 2G. H au H+ ni 3G. 4G au LTE ni kasi zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Video yenye ubora wa 360p, ambao unatosha kwa simu ndogo, huhitaji takriban kilobiti 500 hadi 700 kila sekunde. Mtandao wa herufi E kwa kawaida hauwezi kupitisha hata nusu ya hizo. Hata ukipanda juu ya kichuguu, video hiyo itakwama. Ukiishusha hadi 144p, mahitaji yanapungua mpaka karibu kilobiti 100 kwa sekunde, na hapo unaweza kuona kitu, japo picha itakuwa na ukungu.

Lakini wengine wana alama zote na 4G imeandikwa, na bado duara linazunguka. Alama zinaonyesha tu kwamba simu yako inausikia mnara vizuri. Hazionyeshi ni watu wangapi wanautumia mnara huo kwa wakati mmoja. Uwezo wa mnara hugawanywa kama maji ya bomba la kijiji: asubuhi mapema ndoo inajaa haraka, jioni watu wakirudi kutoka shambani foleni inakuwa ndefu. Kati ya saa moja na saa nne usiku ndio muda wa foleni. Jaribu video hiyohiyo saa kumi na moja alfajiri. Ikicheza vizuri, simu yako haina tatizo. Mnara umezidiwa.

Hapo ndipo jambo linapotoka kwenye simu na kuingia kwenye sera. Kampuni ya simu hujenga mahali inapotarajia kupata faida, na kijiji chenye kaya chache zilizotawanyika hakivutii. Kwa sababu hiyo Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku kwa kampuni zijenge vijijini. Mei 2023 mfuko huo na kampuni za simu walisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mnara kusimama ni jambo moja, na kiasi cha data unachoweza kupitisha ni jambo jingine. Kiongozi akija kijijini na kusema mnara umewashwa, mwananchi ana haki ya kuuliza: ni wa 2G, 3G au 4G? Umeunganishwa na mkongo au na redio ya masafa kutoka mnara mwingine? Umeme ukikatika, una jenereta au betri ya kutosha?

Baharini, mbali na kijiji

Kutoka kwenye mnara data husafiri hadi kwenye mkongo wa taifa, kisha hadi pwani, ambako nyaya zilizolazwa chini ya bahari hutuunganisha na dunia. Kwa Afrika Mashariki nyaya hizo ni chache. SEACOM ilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka baadaye.

Jumapili ya Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilishuka sana Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Kilichofanya hali iwe mbaya zaidi ni kwamba miezi michache kabla, Februari mwaka huohuo, nyaya kadhaa zikiwemo za SEACOM zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu, wakati wa mashambulizi dhidi ya meli. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa na jeraha, na ya kusini ikakatika. Meli maalumu ya ukarabati ilibidi iende kutoka Cape Town, na kazi ikachukua wiki kadhaa.

Katika siku hizo baadhi ya wasikilizaji walishangaa kwamba wimbo maarufu ulicheza, lakini video ya mkutano wa kata yao iligoma. Maelezo yapo. Kampuni kubwa za video huweka nakala za video zinazotazamwa sana kwenye kompyuta zilizo karibu na watazamaji, baadhi zikiwa ndani ya nchi zetu. Video iliyotazamwa na watu mia mbili haina nakala karibu, na italazimika kuvuka bahari hata kama ilirekodiwa kilomita 10 kutoka kwako. Video za mambo ya kijijini kwako, ambazo unazihitaji zaidi, huwa za kwanza kukwama.

Na pale inapozimwa kwa makusudi

Kuna sababu ya nne ambayo haiwezi kurukwa. Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania, mtandao wa X ulianza kuzuiwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa.

Wakati mwingine si rahisi kujua kilichotokea. Juni 25, 2024, siku ya maandamano makubwa ya kupinga muswada wa fedha nchini Kenya, intaneti ilishuka ghafla. Kampuni ya simu ilisema nyaya za baharini zimepata hitilafu. Wanaharakati wengi hawakuridhika na jibu hilo, maana siku yenyewe ilitia shaka.

Kwa mtumiaji wa kawaida, dalili za kulinganisha ni hizi. Mnara ukizidiwa, kila kitu kinakuwa polepole na usiku wa manane kinapona. Waya wa baharini ukikatika, kampuni kadhaa na nchi kadhaa huathirika pamoja, na intaneti hudhoofika kuliko kufa kabisa. Programu moja ikigoma kwa watu wote huku nyingine zikienda vizuri, huenda imezuiwa au yenyewe ina hitilafu. Intaneti ya kampuni zote ikifa kwa pamoja lakini simu za kawaida zinapiga, uliza kuna nini nchini. Dalili hizi si ushahidi kamili, ila zinakuepusha kuilaumu simu yako kwa jambo ambalo halihusiani nayo.

Bando linakwenda wapi?

Kwa ubora wa 360p, saa moja ya video hula takriban MB 300. Kwa 720p inaweza kupita GB 1. Programu nyingi huchagua ubora zenyewe: mtandao ukiwa mzuri kidogo zinapandisha, nawe hujaulizwa. Nyingine huanzisha video inayofuata bila kuguswa. Ndiyo maana bando la siku huisha kabla ya siku.

Chukua hatua hizi kabla hujafungua video nyingine. Weka ubora mwenyewe kuwa 240p au 360p. Zima kipengele cha video kujiendesha. Katika WhatsApp, zuia video kujipakua. Video ndefu unayoihitaji ipakue alfajiri, uitazame jioni bila mtandao.

Aidha, jua haki yako. Kwa kanuni za TCRA, kampuni ya simu nchini Tanzania inatakiwa kukujulisha bando likifikia asilimia 75 ya matumizi na likifika 100. Kama hupati taarifa, au kama mtandao wa eneo lenu ni mbovu kila siku, piga 100 kwa kampuni yako na uombe namba ya malalamiko. Andika tarehe, saa, kijiji na herufi inayoonekana kwenye simu. Usipohudumiwa, lipeleke TCRA. Malalamiko ya watu 30 wa kijiji kimoja, yenye saa na tarehe, ni magumu kupuuzwa kuliko ya mtu mmoja anayesema tu kwamba mtandao ni mbaya.

Sisi nasi tumo

Haitakuwa haki kuwanyooshea wengine kidole tukajisahau. Vyombo vya habari, vikiwemo vya redio kama sisi, vimekuwa vikihamishia vipindi kwenye video kwa sababu ndiko watazamaji wa mjini na matangazo ya biashara yaliko. Tunarekodi kwa ubora wa juu, tunapachika, kisha tunashangaa kwa nini msikilizaji wa kijijini hachangii. Hesabu ni nyepesi: sauti ya redio ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia karibu MB 29 kwa saa, yaani kama sehemu moja ya kumi ya video ya kawaida. Sauti hiyo huweza kupita hata kwenye herufi E mnara usipozidiwa. Nayo redio yenyewe, kwa masafa, haili bando hata kidogo.

Kwa hiyo taasisi yoyote inayotaka kumfikia mkulima, mama mjamzito au mwanafunzi wa kijijini inapaswa kutoa habari ileile kwa sauti na kwa maandishi pia, na video yake iwe fupi na nyepesi. Sisi tunaanza na vipindi vyetu: kila maelezo ya kilimo na afya tutakayoyatoa kwa video yatakuwepo pia kwa sauti na kwa maandishi. Usipoyakuta, tutumie ujumbe utuulize, kama tunavyokushauri uwaulize wengine.